Paipu za Breki Zikiliwa na Kutu: Kuunga Kipande au Kubadili Zote?

MWENYE GARI: Fundi, nimekuletea gari kwa tundu moja tu. Moja, hilo karibu na gurudumu la nyuma kulia, lililokuwa linadondosha mafuta ya breki pale nyumbani Suye. Sasa unaniambia paipu zote. Shati likichanika kiwiko fundi cherehani anatia kiraka, hanishonei suti.

FUNDI: Shati likichanika, mwalimu, unaona aibu unarudi nyumbani kubadilisha. Hii ikichanika hurudi popote. Nimelala chini ya hiyo Corolla asubuhi nzima. Tundu uliloliona ni lile lililotangulia wenzake. Nimepitisha kidole kwenye paipu zinazokatiza juu ya tangi la petroli, kutu inabanduka kama magamba ya sato. Nikiunga hapa, kesho itatoboka shubiri moja mbele, na utarudi kuniambia nimekuibia.

MWENYE GARI: Nikibadili zote utakuwa umeniibia leo badala ya kesho. Usinielewe vibaya, mwanangu. Nimefundisha hesabu mpaka nimestaafu. Kila nilipokwenda gereji na kosa moja nimetoka na orodha. Walisema kelele ni bushi, nikanunua bushi, kelele ikabaki. Wakasema shokapu, nikanunua shokapu. Kelele ilikuwa boliti ya kushikilia eksozi. Kwa hiyo mtu akiniambia “zote” namuuliza kwanza yeye anapata nini.

FUNDI: Napata siku mbili za kazi. Nikiunga napata saa moja, na nakaribisha gari lingine. Hesabu hiyo wewe mwenyewe utaipiga.

DEREVA WA NOAH: Mama ana hoja, fundi. Sisi wa njia ya Usa River tungekuwa tunabadili zote kila kitu kikitoboka, hesabu ya bosi ingetoka wapi? Gari ni kuliuguza. Unaziba leo, unafanya kazi wiki mbili, unaziba tena.

MKUFUNZI: Kabla hamjafika mbali, tuangalie hicho kinachobishaniwa. Nafundisha ufundi wa magari, na naona wengi wanaongea kuhusu paipu ya breki kama wanaongea kuhusu bomba la maji. Ile ya kiwandani ni bati jembamba la chuma lililoviringishwa mara mbili likaunganishwa kwa shaba, unene wa ukuta wake hata milimita moja haifiki, ni kama 0.7. Kwa nje ni milimita 4.75. Juu yake kuna mipako ya kuzuia kutu. Sasa ukuta huo mwembamba, ukikanyaga breki kwa nguvu zote, unabeba shinikizo linalopita bar 100. Hiyo ni zaidi ya mara 40 ya upepo uliomo kwenye tairi lako. Ukiendesha taratibu kwenda kanisani hukaribii hapo, ndiyo maana paipu iliyooza inaweza kukuvumilia miezi. Inasubiri siku mtoto anavuka ghafla.

MWENYE GARI: Mwalimu mwenzangu, unanitisha kwa ufasaha. Lakini swali langu liko palepale. Upande wa kulia umetoboka. Wa kushoto haujatoboka. Kwa nini nilipie ambao haujatoboka?

MKUFUNZI: Kwa sababu zilizaliwa siku moja, zikanyeshewa mvua moja, zikala chumvi ileile.

DEREVA WA NOAH: Chumvi ya wapi, teacher? Hapa Kimandolu tuna vumbi na matope. Bahari iko Tanga huko.

MKUFUNZI: Chumvi haikulipata gari hapa. Ilikuja nalo. Hokkaido, Aomori, Niigata, kote huko Japani theluji inashuka ya kufukia magari, na barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Zamani walikuwa wanafunga matairi yenye misumari. Misumari ikawa inachimba lami na kujaza vumbi mijini, watu wakalalamika, mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyazuia. Matairi yalipoondoka, chumvi ikaongezeka. Gari la 1998 kama hili, kama lilikulia kaskazini, limeoga chumvi kila majira ya baridi kabla halijapandishwa meli kuja Dar es Salaam. Sisi theluji tunaitazama kwa mbali kule Kilimanjaro, asubuhi kukiwa kweupe. Kumbe tumeiegesha uani.

MUUZA SPEA: Na mengine yamekaa pwani miaka ndipo yakapandishwa huku. Mteja anafurahia namba na rangi, chini haangalii.

MWENYE GARI: Rangi nilipenda, sikatai. Na gari lina stika ya ukaguzi ya Nenda kwa Usalama.

FUNDI: Stika inabandikwa kiooni, mwalimu. Paipu ziko huku chini.

MWENYE GARI: Basi na mimi niseme nililosoma. Kijana wangu yuko Minnesota, huko nako wanamwaga chumvi. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifunga uchunguzi wa magari kama milioni 5 ya General Motors, yaliyotengenezwa kati ya 1999 na 2003, yaliyokuwa yanaliwa paipu za breki na kutu. Hawakuilazimisha kampuni kuyarudisha gereji. Walisema ni uchakavu wa kawaida wa gari lililozeeka. Kama Marekani na utajiri wao wameona ni jambo la kawaida, mimi mwenye pensheni nipandishwe presha?

MKUFUNZI: Kijana amekusomea nusu, mama. Mamlaka hiyohiyo, siku hiyohiyo, iliwaambia wenye magari waoshe chini ya gari mara kwa mara na waangalie paipu. Kutu ikianza kutoa magamba, ilisema, badilisheni seti yote, msibadili kipande, kwa sababu sehemu moja ikifa ni dalili kwamba nyingine ziko njiani. Waliposema “uchakavu wa kawaida” walikuwa wanajibu swali la nani alipe. Hawakusema paipu ni nzima.

MWENYE GARI: Hilo la nani alipe ndilo langu pia.

FUNDI: Nawe usisahau Ngaramtoni. Februari 24, mwaka 2024, pale Kibaoni. Lori lilipoteza breki, kwa maelezo ya polisi, likagonga magari mengine. Watu 25 walikufa. Mimi sikwenda kuangalia, lakini gereji siku ile hakuna aliyeongea kwa sauti.

MWENYE GARI: Mungu awarehemu. Ila usinichanganyie, fundi. Lile ni lori, breki zake za upepo, hazina hayo mafuta yenu. Unachukua msiba wa watu unanipigia nao bei?

MKUFUNZI: Hapo mama yuko sahihi. Breki za upepo ni somo lingine kabisa.

FUNDI: Sawa, nimekosea. Mteremko lakini ni mteremko. Ukishuka Suye kuja barabara ya Moshi, masika yameshika, mbele kuna bodaboda watatu na mama wa ndizi, mguu wako hauulizi kama ni upepo au mafuta.

DEREVA WA NOAH: Mbona mnaongea kama paipu moja ikipasuka breki zote zinaondoka? Mimi imenipasukia. Pedeli ilizama mpaka karibu na sakafu, nikapampu, gari likasimama. Kwa tabu, ila lilisimama.

MKUFUNZI: Lilisimama kwa sababu masta silinda ina vyumba viwili. Marekani walilazimisha mpangilio huo kwa magari yote madogo mapya kuanzia 1968, na leo dunia nzima ndiyo inautumia. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele yamegawanywa kimkingamo: mbele kulia na nyuma kushoto ni njia moja, mbele kushoto na nyuma kulia ni njia nyingine. Njia moja ikikatika unabaki na nusu. Gari likiwa limegawanywa mbele na nyuma, omba ikatike ya nyuma, maana magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya zaidi ya nusu ya kazi. Hiyo nusu inayobaki imewekwa ikufikishe pembeni mwa barabara. Haikuwekwa ikufikishe Moshi na kukurudisha.

DEREVA WA NOAH: Ilinifikisha nyumbani.

MKUFUNZI: Na njia iliyokuokoa ilikuwa na kutu au haikuwa nayo?

DEREVA WA NOAH: Sikuangalia.

(Hapo kila mtu alinyamaza, hata muuza spea.)

MWENYE GARI: Mimi nina swali jingine, na hili linamhusu fundi. Ukifungua kilichokuwa kimefungwa miaka ishirini na kitu, unaleta matatizo mapya. Nati zimeshikana na kutu, unazipiga spana zinalambwa. Uzi wa masta ukiharibika, nanunua masta. Paipu isiyovuja leo, ukiigusa inaanza kuvuja. Hilo si kweli?

FUNDI: Ni kweli. Sitakudanganya. Nati hizi za Kijapani ni ndogo, za spana namba 10, ukitumia spana ya kawaida inakula kona zote. Kuna spana yake, ring iliyoachwa nafasi ya kupitisha paipu. Unapulizia dawa ya kulegeza kutu usiku, asubuhi unaanza. Ikigoma kabisa, unakata paipu, unaingiza soketi juu ya nati. Ndiyo maana nikasema siku mbili.

MKUFUNZI: Na utaweka paipu gani?

FUNDI: Ya shaba.

MKUFUNZI: Shaba ipi?

FUNDI: Hii inayouzwa. Nyekundu.

MKUFUNZI: Ya friji.

FUNDI: Teacher, ndiyo ambayo kila mtu anaweka. Inakunjika kwa mkono, haili kutu.

MKUFUNZI: Haili kutu, lakini inachoka. Shaba tupu ukiitikisa muda mrefu inakuwa ngumu, kisha inapata ufa, na gari letu halina siku isiyotikisika. Paipu ya friji ilitengenezwa kubeba gesi jikoni kwa watu. Unataka mama alipe siku mbili za kazi, uondoe chuma kilichooza uweke shaba itakayopasuka? Bora angebaki na kiraka chake!

MWENYE GARI: Ahaa. Sasa tumefika. Mnaona kwa nini nauliza maswali?

MUUZA SPEA: Msinitazame mimi. Duka langu lina paipu za aina tatu. Ya kwanza chuma cha China, imeshakatwa, ina nati pande zote, bei nafuu. Ya pili hiyo nyekundu, kwa roli. Ya tatu inafanana na shaba lakini imefifia kama fedha ya zamani, ni shaba iliyochanganywa na nikeli. Inakuja roli ya futi 25. Bei yake ikitajwa mafundi wanacheka wanaondoka. Nauza kinachoombwa.

MKUFUNZI: Hiyo ya tatu ndiyo. Shaba asilimia 90, nikeli 10. Volvo walianza kuifunga kwenye magari yao miaka ya 1970, na Sweden wanaijua chumvi ya barabarani kuliko sisi. Inakunjika kirahisi kama ile nyekundu, haioti kutu, na inastahimili shinikizo la breki. Hata chuma cha China, kama kina mpako wake na mdomo umepigwa vizuri, kwa hali ya hewa ya hapa kitafanya kazi miaka. Ila nyekundu hapana.

MUUZA SPEA: Na wanaoleta paipu iliyong'olewa kwenye gari lililokatwa?

MKUFUNZI: Umri uleule, chumvi ileile. Unahamisha ugonjwa.

FUNDI: Basi nakubali, nitaweka hiyo ya nikeli. Lakini mseme na upande wa pili. Mnanilaumu kwa shaba ya friji, mteja je? Nikitaja bei ya nikeli anavuka barabara anakwenda kwa jirani anayeunga kwa kuchomelea gesi. Nimeona paipu imekatwa, imeingizwa kipande cha mpira wa petroli, imebanwa kwa waya. Mpira wa petroli kwenye breki! Mafuta ya breki yanaula, unavimba, halafu unachomoka. Nimeona njia ya gurudumu imezibwa kwa gololi.

MWENYE GARI: Gololi?

FUNDI: Gololi ya bearing. Unafungua nati, unaweka gololi mdomoni, unakaza. Gurudumu lile linakuwa halina breki, mengine matatu yanafanya kazi. Ukikanyaga, gari linavuta upande. Mtu anajifunza kuushika usukani hivyohivyo, anasahau.

DEREVA WA NOAH: Ni ya dharura ile. Ukikwama Maji ya Chai saa mbili usiku utafanyaje?

FUNDI: Ya dharura ni ya kukufikisha gereji kwa mwendo wa miguu. Yako ina muda gani?

DEREVA WA NOAH: Yangu iko nyuma, gurudumu la nyuma kushoto. Si mbele.

FUNDI: Nimeuliza muda.

DEREVA WA NOAH: Tangu kabla ya Krismasi.

MWENYE GARI: Ee Mungu! Na unabeba watu?

DEREVA WA NOAH: Mama, gari si langu. Bosi nilimwambia, akasema tuvute mwezi huu. Mwezi huu ukaisha, ukaja mwingine na ada, ukaja mwingine na marejesho. Nikililaza siku mbili, hesabu siileti, na kuna vijana watano wanaousubiri ule ufunguo. Nyinyi mnaongea kuhusu chuma na nikeli. Mimi naongea kuhusu kesho.

MKUFUNZI: Abiria wanajua?

DEREVA WA NOAH: Nani anayemwambia abiria?

MWENYE GARI: Hebu ngojeni. Mimi naendesha gari langu peke yangu, sokoni, kanisani, kliniki. Nikitaka kuunga, hatari ni yangu. Huyu anabeba watoto wa watu, mnamuuliza maswali tu, anapita. Mnaanza na mzee mwenye Corolla kwa sababu ndiye anayesikiliza.

MKUFUNZI: Hatari si yako peke yako, mama. Aliye mbele yako hakupanda gari lako, lakini breki zako zinamhusu. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haikutofautisha gari la kanisani na la biashara. Gari bovu ni bovu.

MWENYE GARI: Sheria hiyo inamruhusu fundi anizuilie gari?

FUNDI: Sijasema nitakuzuilia.

MWENYE GARI: Umesema “gari halitoki hivi”. Nimekusikia ukimwambia kijana wako.

FUNDI: Nilisema halitoki hivi kwa mkono wangu. Nikiunga kipande, nimeandika jina langu kwenye paipu iliyooza. Likitokea la kutokea, hakuna atakayeuliza kama mama aliomba kiraka. Watauliza nani alishika breki mara ya mwisho. Nenda VETA, nenda gereji kubwa Unga Limited, hakuna atakayekufundisha kukataa kazi. Nimejifunza kwa kunyimwa usingizi.

MWENYE GARI: Na kama nikikwambia nifungie tu kama nilivyolileta?

FUNDI: Ufunguo nitakupa, gari ni lako. Ila breki utaikuta imefunguliwa, na nitaandika kwenye karatasi kwamba nilikuambia nini. Utatia sahihi. Halafu utaita gari la kulivuta.

MWENYE GARI: Hiyo ni kunizuilia kwa adabu.

FUNDI: Ndiyo.

DEREVA WA NOAH: Kwa hiyo maskini asiendeshe?

MKUFUNZI: Nani kasema? Corolla isiyo na ABS ina paipu chache, kwa roli moja na nusu unaimaliza. Za mbele ni fupi, za nyuma ndizo ndefu na ndizo zinazooza kwanza, pale kwenye vibanio ambapo matope hujaa, na pale juu ya ekseli. Mipira minne ya magurudumu ikaguliwe, yenye nyufa itoke. Mafuta ya breki mapya, kwa sababu yale ya zamani yanafyonza unyevu hewani. DOT 3 mpya inachemka nyuzi 205, ikishanywa maji inashuka mpaka 140 hivi, ukiteremka mlima mrefu yanachemka ndani ya kalipa na pedeli inakuwa sponji. Hayo ni ya bei ya kawaida. Kinachogharimu ni kazi.

MWENYE GARI: Na kazi inaweza kupunguzwa?

FUNDI: Ukiniletea paipu mwenyewe kutoka kwa huyu bwana, sitaweka faida yangu juu yake. Kazi ibaki kazi. Tuanze na za nyuma zote mbili na ile ndefu inayotoka mbele, tufunge, tutoe upepo. Za mbele nitakufungulia uone kwa macho yako. Zikiwa zina rangi tu bila magamba, nitazisafisha, nizipake dawa, na tuzitazame tena kabla ya mvua za vuli. Zikiwa na magamba, hatubishani.

MWENYE GARI: Hilo ndilo ningelisikia tangu asubuhi. Umeniambia “zote” kama hukumu. Ungeniambia hivi tungekuwa tumeshaanza.

FUNDI: Asubuhi nilikuwa sijaamua kuhusu shaba.

MWENYE GARI: Masharti yangu: paipu niione kabla hujaifunga. Kila mdomo uliopigwa nije niutazame, ukiwa na ufa unakatwa. Na zile za zamani zote unirudishie, nikae nazo nyumbani.

FUNDI: Utazifanyia nini?

MWENYE GARI: Nitamwonyesha anayeninunulia gari siku ikifika. Aone nililipia nini. Na wewe, kijana?

FUNDI: Noah nayo iingie, tuitoe hiyo gololi. Kazi utanilipa kidogo kidogo.

DEREVA WA NOAH: Jumapili.

FUNDI: Leo ni Jumanne.

DEREVA WA NOAH: Jumapili, fundi. Naapa.

Corolla ilipandishwa kwenye stendi mchana huohuo. Noah iliondoka saa nane na nusu kuelekea Usa River, ikiwa na abiria saba.